Kwa nini gari la utalii hubadilika kila msimu na kinyago hubaki kilekile

Ukitaka kuijua Arusha, usije Julai, wakati eneo la Mnara wa Saa limejaa wageni wenye kofia pana na kamera shingoni. Njoo Aprili, masika yakiwa yamekolea. Wageni wamepungua, njia za mbugani ni tope tupu, na magari yaliyokuwa yakipishana kwenda Ngorongoro na Serengeti yamerudi mjini kutibiwa. Gereji za Unga Limited, Themi na Njiro zimejaa Land Cruiser zilizovuliwa mapaa. Viti viko nje juu ya maturubai, milango imeegemezwa ukutani, mmoja anachomelea, mwingine anapiga msasa, na kijana ameshika tochi ya simu akimmulikia fundi wake aliye chini ya gari.

Mpita njia anaona matengenezo. Mimi naona shule ya usanifu, pengine kubwa kuliko zote tulizo nazo hapa mjini, ingawa haina kibao wala haitoi cheti. Siku hizi linaulizwa sana swali la mji unapataje watu wa ubunifu na unawatunzaje. Wengi wakiulizwa huanzia kwenye majumba ya sanaa. Mimi huanzia hapa, kwenye grisi.

Tusumbuke kidogo na neno lenyewe. Mwaka 1998 serikali ya Uingereza ilichora orodha ya tasnia 13 ilizoziita za ubunifu: matangazo, usanifu wa majengo, mitindo ya mavazi, filamu, muziki, programu za kompyuta na nyinginezo. Orodha ile, ikipunguzwa hapa na kuongezwa pale, imezunguka dunia, na ndiyo iliyojificha nyuma ya hotuba nyingi tunazosikia kuhusu uchumi wa ubunifu. Fundi bodi hayumo. Fundi viti hayumo. Kiswahili kilikuwa na mpango wake: fundi ni yule anayewaza kitu na kukitengeneza, na neno lake limekaa jirani na kufunda na kufundisha. Cha kuchekesha ni kwamba neno tulilolipandisha cheo, usanii, mtaani lina maana ya pili ya utapeli. Mtu akikwambia uache usanii, hakusifii.

Basi turudi kwenye gari.

Land Cruiser inayotoka kiwandani Japani haikuundwa kwa kutazama simba. Ni gari la kazi, gumu na fupi, lisilo na habari na mtu anayetaka kusimama na kupiga picha. Ili libebe wageni sita au saba kwa siku kadhaa mfululizo, chasi hukatwa na kurefushwa, bodi huongezwa kipande katikati, springi huimarishwa, paa hukatwa na kuwekwa jingine linalonyanyuka ili mgeni atazame akiwa amesimama kivulini. Kisha viti vyote vinaelekea mbele, kila kimoja na dirisha lake. Soketi za kuchajia kamera. Kifriji cha maji. Redio ya upepo. Mipira ya kuzuia vumbi milangoni, maana vumbi la kutoka Ngorongoro kuelekea Serengeti halipigi hodi. Zipo kampuni kubwa zilizojijengea jina kwa kazi hii, Hanspaul ikiwa mojawapo, na kando yake kuna gereji za kati na za uani zinazofanya vipande vya kazi hiyohiyo.

Nani alibuni soketi kando ya kila kiti? Ukiuliza hutapata jina la mtu. Utapata mzunguko. Dereva amekaa siku sita porini na gari na wageni. Amesikia malalamiko yao yote: mmoja betri ya kamera imekufa mbele ya chui, mwingine mgongo unauma, wa tatu amekula vumbi kutwa nzima. Anarudi mjini, anamweleza bosi wake, bosi anampeleka gereji. Bosi huyo hana gari moja, anayo kumi au ishirini, na mwakani atakuwa na kazi nyingine ya kutoa. Akiona paa linavuja, atahamia gereji ya jirani, na mji mzima wa magari utajua kabla jua halijatua. Fundi anajaribu kitu kipya kwenye gari moja. Kikifaa, msimu ujao kinaagizwa kwa yote. Na masika, ambayo kwa mwenye hoteli ni njaa, kwa fundi ni muda wa kujaribu.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo nadhani ndilo kiini cha habari nzima. Ubunifu wa mji hukua pale ambapo kazi ina mkaguzi, yaani mtu mwenye jicho la kutofautisha kizuri na kibaya, mwenye uwezo wa kulipia tofauti hiyo, na ambaye lazima atarudi. Kipaji kipo kila mahali. Mkaguzi wa namna hiyo hayupo kila mahali.

Mchumi Mwingereza Alfred Marshall aliandika mwaka 1890 kuhusu miji ya viwanda ya kwao, kama Sheffield iliyojulikana kwa visu na vijiko. Aliona kwamba watu wa kazi moja wakikaa karibu kwa muda mrefu, siri za kazi hukoma kuwa siri. Huwa kama zinaelea hewani, na watoto huzijua bila mtu kukaa chini kuwafundisha. Aliona pia kwamba mwenye kuhitaji fundi huenda alipo fundi, na fundi mwenye kutafuta kazi huenda zilipo kazi, na wauza vipuri huwafuata wote wawili. Ukisimama Unga Limited, mtaa uliobeba jina la kampuni ya kusaga nafaka, maneno ya Marshall hayahitaji tafsiri. Mchomeleaji yuko hapa, muuza vyuma hatua chache, fundi rangi nyuma ya ukuta, fundi viti ng'ambo ya barabara, na kijana wa toyo anasubiri kubeba kitakachoshindwa kubebwa begani. Gereji moja ingelazimika kuwa na wote hao ndani. Mtaa unaziwezesha gereji ndogo kuishi kwa kukopeshana mikono.

Kisha kuna kuondoka. Kijana anakaa na fundi mkubwa miaka mitatu minne, anashika kazi, wanakosana kuhusu malipo, anafungua kibanda chake mita hamsini kutoka hapo. Mwalimu wake analalamika kwamba ameibiwa wateja, na kweli ameibiwa. Lakini kwa hesabu ya mji, utundu uliokuwa chini ya paa moja sasa uko chini ya mawili, na mmoja kati yao lazima afanye kitu tofauti ili asife njaa. Ningekuwa mimi ndiye mwalimu huyo, nisingekuwa na subira ya kuusikiliza uchambuzi huu.

Sasa tutembee hadi soko la vinyago la Fire Road, ambalo wengi wanaliita Maasai Market. Vibanda vimebanana, na ukipita vitatu umeviona vyote: twiga wa mbao, vinyago vya kimakonde, picha za Tingatinga zenye ndege wa rangi kali, sinia za kupaka rangi, bangili. Kibanda cha nne kina twiga walewale. Wageni wengi hulalamika kuhusu jambo hili na wenyeji wengi hulifanyia mzaha. Mzaha wa kawaida ni kwamba wauzaji ni wavivu wa kufikiri.

Sikubaliani na mzaha huo. Muuzaji wa Fire Road ni mtu mwenye akili anayemjibu mkaguzi aliyepewa. Na mkaguzi huyo ni nani? Ni mgeni mwenye dakika arobaini kabla basi lake halijaondoka. Hajui mpingo na mti mwingine uliopakwa kiwi cheusi vinatofautianaje. Hatarudi, hata akifurahi. Anataka kitu kinachofanana na picha ya Afrika aliyokuja nayo kichwani, kidogo cha kuingia kwenye begi, na anakisifu hata kikiwa kibovu kwa sababu hataki kuonekana hana adabu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila siku tunamletea mgema huyu basi zima la watu wa kumsifu, halafu tunashangaa tembo limekuwa jepesi.

Kumbuka pia kwamba bidhaa nyingi za soko hili hazikuzaliwa hapa. Uchongaji wa kimakonde ulitoka kusini, Mtwara na Msumbiji, ukapata masoko Dar es Salaam. Uchoraji wa Tingatinga ulianza Dar mwaka 1968, pale Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora kwenye vipande vya ubao laini kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na jamaa na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hadi ikawa mtindo wenye jina lake. Ule ulikuwa ubunifu hasa: vifaa rahisi vya dukani, jicho la mtu mmoja, na wanafunzi waliokaa naye chini ya mti. Arusha, kwa habari ya Tingatinga, ni kaunta tu. Kazi inafika ikiwa imekamilika, au inanakiliwa hapa na mtu anayeangalia nakala nyingine.

Hapa watu hurukia kusema tatizo ni kunakili. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA, taasisi ya kuisimamia, ipo. Sheria ina kazi yake, lakini nadhani tumeshika mkia badala ya kichwa. Gerejini wananakiliana kila siku, tena waziwazi: ukitengeneza kibanio kizuri cha paa leo, mwezi ujao kiko kwa jirani. Na kazi haidorori. Sababu ni kwamba mwenye magari hanunui picha ya kibanio, ananunua kibanio kitakachodumu msimu mzima, na anajua nani alikifunga vizuri. Aliyenakili analazimika kunakili na ubora wake, na aliyenakiliwa anasukumwa mbele. Sokoni, aliyenakili anahitaji kunakili sura tu, kwa mti dhaifu zaidi na kwa bei ya chini zaidi, na mgeni hataona tofauti. Tendo ni lilelile. Kwa mkaguzi mkali linainua kazi, kwa mgeni wa dakika arobaini linateremsha bei.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko kwenye shanga, kwa sababu hapo mikono ileile inafanyia kazi wakaguzi wawili. Mama wa Kimasai wa Monduli au Longido anayeshona mkufu wa kumuuzia mgeni barabarani hushona kwa haraka, rangi zozote, muundo wowote. Anayeshona mapambo ya binti yake anayeolewa, au ya kijana aliye morani, anashona kwa watu watakaoitazama kila shanga. Rangi zina mpangilio, kila kabila dogo la Kimasai lina wake, na mitindo hubadilika rika hadi rika, kiasi kwamba pambo linaweza kukutaja umri wako kabla hujafungua mdomo. Kazi hiyo ndiyo inayobadilika na kukua, na wala haikai kwenye kibanda cha utamaduni ikitazamwa. Nayo shanga zenyewe, hizo za kioo ndogo ndogo, kwa miaka mingi zimetoka Ulaya, hasa Jamhuri ya Czech. Malighafi ni ya mbali kabisa na bado sanaa ni ya hapa, maana wanaoihukumu wako hapa.

Wapo waliojaribu njia ya tatu, ya kumfundisha mgeni awe mkaguzi. Karakana iitwayo Shanga, iliyoanza mwaka 2007 nje kidogo ya mji na kuajiri watu wenye ulemavu, inamwingiza mnunuzi ndani. Anaona chupa zilizotumika zikiyeyushwa na kupulizwa, anaona mtu akifuma, akishona, akikosea na kurudia. Akitoka hapo ameshajua kidogo kazi ni nini, na yuko tayari kulipa bei tofauti. Njia hii ni nzuri, ila inahitaji eneo, mtaji na mgeni asiye na haraka, vitu ambavyo mwenye kibanda cha mita mbili hana.

Mwanzo nilimtaka mkaguzi awe na uwezo wa kulipa, ila si lazima kila mara awe na hela; hapo nafikiria muziki. Arusha ilijulikana kwa hip hop mapema. X Plastaz walianza mwaka 1996, wakachanganya Kiswahili, Kihaya na uimbaji wa Kimasai, jambo ambalo wengine waliliona kama kichekesho mpaka likawapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya. Baadaye wakaja River Camp, Nako 2 Nako, Watengwa wa Kijenge, na kundi la Weusi la akina Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako na Lord Eyez. Walianza bila soko la maana la muziki hapa. Walikuwa na kona. Machalii wa Kijenge, Ngarenaro na Kaloleni walisikiliza mistari kama mahakimu, na mstari mlegevu ulikufuata hadi shuleni. Mkaguzi huyo hakulipa hata senti, ila alirudi kila jioni. Hata lugha ya chalii wa Chuga, yaani kijana wa Arusha, inayowachekesha watu wa Dar, ilipigwa msasa kwenye kona hizohizo.

Lakini kona haitoi mkataba. Redio kubwa, studio zenye wateja, kampuni za matangazo, vyote vilikuwa Dar es Salaam, na wengi wao wakahamia huko. Nikki wa Pili alikwenda mbali zaidi: mwaka 2021 aliteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Mji unaweza kuwa kitalu kizuri na bado miche yote ikapandwa shamba la mwingine.

Na serikali? Ilifika kwenye usanifu mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Miaka ya 1980 na 1981 zikaundwa kwa sheria taasisi mbili zilizowekwa hapahapa: TEMDO, ya uhandisi na usanifu wa mitambo, na CAMARTEC, ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Ukizisoma sheria zile leo utaona kwamba nchi ilitaka hasa kile tunachokiita kitovu cha ubunifu. Chuo kimelisha gereji watu, bila shaka. Kwa taasisi, uzoefu unafundisha kitu. Kazi ya CAMARTEC iliyosafiri mbali ni mtambo wa biogesi wenye kuba lililofukiwa ardhini, ambao ulianza kusambazwa mkoani Arusha miaka ya 1980, na mwaka 2009 taasisi hiyo ikapewa kusimamia mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani. Fikiria mkaguzi wake: mama mwenye ng'ombe wawili anayepaswa kupika chai asubuhi. Kuba likipasuka gesi hakuna, na jirani yake anajua. Mashine inayotengenezwa ili ionyeshwe kwenye banda la Nane Nane, ikapigwa picha na waziri na kurudishwa stoo, ina mkaguzi wa siku moja, kama twiga wa Fire Road.

Tanzanaiti inaonyesha upande mgumu zaidi. Jiwe liligunduliwa Mirerani mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Kwa miaka mingi limekatwa na kung'arishwa kwa wingi Jaipur, India. Mwaka 2010 ilizuiwa kusafirisha nje jiwe ghafi la zaidi ya gramu moja, mwaka 2018 ukazinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi, na mwaka 2021 biashara ya jiwe hilo ikaamriwa ihamie Mirerani. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia kinachofundisha vijana, wakiwamo wanawake wengi, kukata na kung'arisha. Haya yote yana maana, hasa kwa mapato. Lakini Jaipur haishindi kwa sababu ya kupata mawe. Inashinda kwa sababu mkataji wa pale amezungukwa na vizazi vya wakataji, wauza mashine, wakopeshaji, na wanunuzi wanaoweza kumrudishia jiwe kwa kosa ambalo mimi na wewe tusingeliona kwa darubini. Amri inaweza kuhamisha jiwe. Mtaa ule hauhamishwi kwa amri, na mabroka wa Arusha walipofungasha kwenda Mirerani, mtaa mdogo uliokuwa umeanza kujikusanya mjini ulipungua nao.

Limebaki jambo la pango, ambalo si la kifahari na kwa hiyo halisemwi. Mwandishi Jane Jacobs wa New York alisisitiza mwaka 1961 kwamba mawazo mapya huhitaji majengo ya zamani. Jengo jipya lina mkopo wa kulipwa, anayeweza kupanga ni benki au duka kubwa. Anayejaribu kitu asichojua kama kitauzika anahitaji banda, kontena, baraza la mtu. Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900 lilipata uhai wake wa miaka mingi usiku wa Alhamisi, muziki wa laivu ukipigwa kwenye mgahawa wa Via Via, jambo ambalo waliolijenga kama ngome wasingeliota. Mafundi cherehani wa mjini kati wanaishi kwenye baraza za maduka ya vitambaa kwa sababu hiyohiyo: mteja ananunua kitenge ndani, anapimwa nje, na ubishi kuhusu mkono wa gauni unaamuliwa hapo hapo. Barabara inapopanuliwa na alama ya X nyekundu ikachorwa ukutani, hesabu ya fidia huhesabu tofali. Hakuna safu ya kuandika kwamba mshonaji alikuwa mita nne kutoka kwa muuza vitambaa.

Wakati huohuo tunafungua kumbi za wabunifu zenye intaneti ya kasi na viti laini vya kuzama. Sina ugomvi nazo. Chache zimeota mizizi, kama Twende, ambayo mwanzilishi mwenza wake Bernard Kiwia alikuwa fundi baiskeli aliyejitengenezea chaja ya simu ya kunyonga pedali kabla hajajulikana popote. Huyo hakuanza na ukumbi. Alianza na baiskeli za watu waliorudi kesho yake zikivunjika.

Mwaka jana fundi mmoja wa viti ninayemfahamu alipandishiwa kodi akatakiwa kuhama. Alionyeshwa fremu Kisongo, pana, yenye umeme na maji, kwa nusu ya alichokuwa akilipa. Tulikwenda naye kuiona kwa kifodi, daladala ndogo. Aliipenda. Kisha akauliza mchomeleaji wa karibu yuko wapi, akaambiwa atampata akirudi mjini. Akashukuru, akafunga mlango mwenyewe. Sasa yuko Unga Limited, kwenye nusu ya kontena nyuma ya gereji, mahali ambapo kiti cha mtu mzima hakigeuki bila kutolewa nje. Siku aliyoingia nilimkuta anapima, si chumba, bali hatua za kutoka mlangoni kwake hadi kwa mchomeleaji. Zilikuwa thelathini na moja.